Kasimiri Aliitika

Mtendaji wa kata hakutaka tope ofisini mwake, kwa hiyo Nahumu alivua buti mlangoni akaingia peku. Sakafu ilikuwa na baridi ya Juni, ile ya Njombe inayopanda kutoka nyayoni mpaka kwenye meno. Dorosela, mjane wa Kasimiri, alikaa ukingoni mwa benchi amejifunga kanga aliyotoka nayo Lupingu, ziwani, kwenye joto. Kiti chenye mto alikikalia bosi Ezekia, mwenye shamba la miti.

"Shahidi wako ndiye huyu?" mtendaji aliuliza.

"Ndiye, mama," Dorosela alijibu. "Walikuwa wanakata miti pamoja."

Kasimiri alikutwa kando ya barabara kuu, Makambako, mbavu zimesagika. Ezekia alisema siku hiyo Kasimiri hakufika kazini. Alilewa, akagongwa na lori. Nahumu alisema mpaini ulimwangukia msituni, na pikapu ya bosi ndiyo iliyokwenda kumtupa. Kama ni mti, Dorosela na wanawe walikuwa na haki ya kudai fidia. Kama ni lori lisilojulikana, walikuwa na kaburi tu.

"Eleza, mwanangu."

"Alikuja asubuhi, ukungu umetanda. Nikamsalimu, kamwene, akaitika."

"Akaitika vipi?"

"Kamwene, kwa kile Kibena chake cha ziwani. Halafu akasema baridi hii hata samaki angeomba blanketi."

Dorosela aliangua kicheko, akaziba mdomo kwa kanga. Hayo yalikuwa maneno ya mumewe kabisa.

Ezekia hakucheka. "Mama mtendaji, hebu muulize kwa nini salamu anaikumbuka hivyo."

Nahumu alijua anakopelekwa. Tangu utotoni aliwaona waliokufa wakisimama kwenye ukungu, kando ya mashamba ya viazi. Bibi yake wa kijijini Yakobi alimfundisha asiwakimbie. Amsalimie kila mtu. Aliye hai ataitika, asiyeitika ampishe njia. Kazini walimcheka kila alipoamkia mahali patupu. Kasimiri peke yake alikuwa akimuuliza, bila dhihaka, "Leo wamekujaje, wazima?"

"Ni kweli unaona wafu?" mtendaji aliuliza.

Macho ya Dorosela yalimsihi akane. Lakini dirishani walijazana wenzake wa kazini, walewale walioona mti ukianguka na kusema hawakuona kitu. Hili la wafu wote walilijua.

"Naona, mama. Ila wao hawaitiki. Kasimiri aliitika."

Mtendaji akaweka kalamu chini. "Sasa niandike nini? Kwamba shahidi husalimiana na marehemu, ila huyu mmoja alikuwa hai?"

"Mwulize na babu yangu anaendeleaje!" mmoja alipaza sauti dirishani. Wakacheka mpaka kioo kikatetema.

"Andika aliitika," Dorosela alisema.

"Nenda nyumbani ukaomboleze, mama," mtendaji alimwambia, akafunga daftari.

Nje manyunyu yalikuwa yameanza. Ezekia alimvuta Nahumu pembeni, funguo za gari zikilia mkononi mwake.

"Kijana wangu, niambie kiume. Kasimiri huwa anakuja?"

"Bosi, si mle ndani ulitaka nionekane kichaa..."

"Mle ndani ni mle ndani!" Akashusha sauti. "Hili gari likipanda mlima linakuwa zito kama limebeba magogo, na halina kitu. Fundi kalifungua lote, haoni ubovu. Utakuwa unazunguka na mimi, unaniambia. Ukikataa, shambani kwangu usikanyage tena."

Nahumu alimfikiria mama yake, na unga uliobaki kwenye kopo. Barabarani, Dorosela alikuwa akipungia magari yaendayo upande wa ziwani, hakuna lililosimama.

"Tumchukue na mama yule, basi."

"Nafasi haipo. Panda nyuma, twende msituni."

Nahumu alishika bodi la pikapu, akatazama ndani. Kasimiri alikuwa ameketi juu ya tairi la akiba, kifua kimebonyea. Kumzunguka walikaa wengine, wamevaa vizibao vya njano vya shamba, baadhi vimechakaa hata rangi imetoka. Wengi wao Nahumu hakuwahi kuwajua.

Ezekia aliwasha injini.

Wale wa nyuma walimwona amesimama. Wakakunja magoti, wakasogeleana, wakamwachia nafasi.