Kijani Chini ya Uyoga

Iliasi alikuja kijijini Wamaza kusifiwa, ingawa mwenyewe asingekubali. Miaka kumi na tisa alichora mabango ya maduka mjini Kasongo, kisha akajifunza rangi za maji. Sasa alikuwa na picha kumi na mbili za porini za kitabu cha shule, na alasiri hiyo Kamaldine wa pikipiki angezipeleka zikachapwe. Kwanza alitaka zionwe na Binti, mama yake mdogo. Huyo ndiye aliyempa macho. Likizo za utotoni alimfuata shambani, akachora vinyonga kwa makaa kwenye ukuta wa jiko lake, naye hakumfokea hata siku moja.

Alizipanga mkekani. Faida, mjukuu wa Binti mwenye miaka saba, alitaja kila mnyama, akaikodolea macho picha ya watoto wanaookota uyoga, halafu akatoka mbio.

"Hii imenichukua siku tisa," Iliasi alisema. "Karatasi unailowesha kwanza, mama. Ukiigusa na burashi, rangi inatembea yenyewe. Nyeupe sipaki, ni karatasi ninayoiacha wazi. Na hapa chini ya kofia ya uyoga, kivuli cheusi kingeharibu yote. Nikatia kijani."

"Macho yangu hayafiki huko. Naona watoto tu. Wamenona hivi, hawa ni wa mjini kwako."

Binti alikuwa bado anacheka Faida aliporudi, sketi ameikunja mbele. Akamwaga uyoga saba kando ya picha.

"Tonton, ni ule wa kitabu. Nyuma ya choo iko mwingi," alimwambia mjomba wake.

Iliasi alitaka kumpongeza. Mtoto ameutambua kutoka kwenye picha yake. Lakini Binti alikwisha kusimama, amemkamata mtoto taya, ametia kidole kinywani mwake anazungusha.

"Umekula?"

Faida alitikisa kichwa.

"Sema."

"Sikukula, bibi. Nilitaka upike."

Binti alimtuma akanawe kwa majivu, mara mbili. Kisha akaugeuza uyoga mmoja, akauleta mbele ya uso wa Iliasi. Chini ulikuwa wa kijani.

"Uyoga wa kichuguu tunaokula, chini iko mweupe. Huu waliupika kwa Zakaria mwaka ule wa mvua nyingi. Watoto watatu walitapika. Wawili walipona."

 Iliasi aliangalia uyoga, akaangalia picha. Kijani kilikuwa kilekile alichokichanganya kwenye kisahani, akajisifu.

"Nani alikuonyesha kijani hicho?" Binti aliuliza.

"Hakuna. Niliona kinapendeza."

"Na uyoga umeula kwangu tangu hujaota meno."

Kweli aliula, umekatwakatwa, ndani ya mawese. Wanawake walipokwenda kuuokota alfajiri, yeye alikuwa amelala. Katika maisha yake yote hakuwahi kugeuza hata mmoja.

Alichukua maji na burashi, akakilowesha kijani, akakifyonza kwa kitambaa. Kilififia, lakini karatasi ilikwisha kukinywa. Faida alirudi na mikono inadondoka maji, akachungulia juu ya bega lake.

"Bado ni ule," alisema.

Iliasi aliweka burashi chini. Aliona akilini darasa huko Lusangi, watoto arobaini, ukurasa umefunguliwa, kisha kengele, na wote wanatawanyika majanini.

Kamaldine alipofika hakuzima pikipiki. "Mzee, lete bahasha."

"Nenda tu."

"Si ulisema umemaliza?"

"Nilisema."

Kamaldine alimtazama Binti, kama anayeuliza ikiwa mtu huyu ni mgonjwa, kisha akaondoka. Iliasi aliikunja picha ya siku tisa, akaisukuma chini ya chungu, motoni.

"Mama, kesho mukienda kuokota, muniamshe."

"Pamoja na wanawake?"

"Pamoja na wanawake."

Binti hakucheka. Aliinama, akaanza kukusanya picha zilizobaki mkekani.

"Na hizi kumi na moja tuzitoe nje juani," alisema. "Faida atanieleza kila rangi iliko, nijue kama ni ya kweli."

Iliasi hakuwa amezifikiria hizo.