Kiweko cha Pumzi ya Veikko

Jumamosi saa nne asubuhi, Tuulikki Karvonen alipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni akapima kitako cha mashine ya kupumulia ya marehemu mumewe kwa futi ya fundi cherehani. Upana ulikuwa sentimita thelathini na nane, kina ishirini na sita. Akaandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Kwa mabega yake ilibidi asubiri mifuko ya pumzi ijae, kwa sababu ikijaa iliongezeka sentimita nne, na kiweko cha kuisimamishia kikibana mabega ni bora kisiwepo. Mifuko ikajaa, akapima, ikanywea.

Ilikuwa mashine ya wale wazamiaji wasiotaka mapovu. Pumzi ya mtu haitoki nje, inazunguka tu: kutoka kinywani inapita kwenye kopo la chokaa, inasafishwa, inaongezewa oksijeni kidogo, inarudi kinywani. Chokaa ikiwa imechoka, mtu anavuta uchafu wake mwenyewe, akili inamruka, anazimia. Ndivyo alivyokufa Veikko, Jumapili ya tarehe tatu Agosti, mita hamsini na mbili ndani ya mgodi wa zamani wa Haukkamäki, ambao umejaa maji tangu pampu zilipozimwa.

Aliyemtoa ni Reijo Puustinen, mwenzake wa kuzamia kwa miaka kumi na tisa na mtunza stoo wa klabu yao ya wazamiaji. Kabla ya kumvuta juu alifunga kizibo cha mdomo wa mashine ili maji yasiingie kwenye chokaa. Ndivyo wanavyofundishwa, na Reijo ni mtu wa kufuata alichofundishwa, isipokuwa katika jambo moja. Kwa hiyo pumzi ya mwisho ya Veikko ilibaki mle ndani, na ilikuwa bado inazunguka.

Polisi walikaa na mashine wiki saba. Kisha konstebo Niskala, mwanamke mrefu mwenye mafua, akaileta kwa gari lake mwenyewe, akiwa ameifunga mkanda kwenye kiti cha mbele.

"Hatukuifungua," alisema akipokea kahawa. "Kitu kinachopumua hakifunguliwi bila idhini ya ndugu. Fomu ndiyo hii."

"Nikisaini?"

"Chokaa inakwenda maabara. Kama ilikuwa imechoka, watajua siku hiyohiyo, na watajua ilichokeshwa mara ngapi."

"Na pumzi?"

"Itatoka." Konstebo akachovya mkate wa iliki kwenye kahawa. "Usiposaini mpaka Ijumaa ya tarehe thelathini na moja Oktoba, saa kumi jioni, tunafunga jalada. Itaandikwa uzembe wa mzamiaji mwenyewe."

"Veikko alikuwa anaandika orodha hata ya kwenda kutupa takataka."

"Najua. Lakini siwezi kuandika hilo kwenye jalada."

Tuulikki aliibana fomu kwenye mlango wa friji kwa sumaku yenye umbo la samaki, na tangu siku hiyo hakuna aliyetulia katika nyumba ile.

Mashine haikutaka kulazwa. Ukiilaza ilikoroma kama mtu mwenye kohozi. Ikiwekwa juu ya stuli ilishuka. Hakuna aliyeiona ikishuka; ulikwenda kujibu simu, ukirudi iko mlangoni imeegemea ukuta, imeelekea upande wa mgodi, na sakafuni kuna michirizi ya maji ingawa ilikuwa kavu tangu Agosti. Tuulikki akanunua tambara la pili la kudekia. Jumanne moja aliikuta kwenye ngazi, ukingoni kabisa, ikipumua haraka haraka. Ingeanguka pale, mabomba yake yangepasuka, na asingebaki na pumzi wala chokaa ya kupima. Hapo ndipo alipoanza kutafuta kiweko kwa dhati.

Hakuwa na subira. Alifanya kazi jikoni mwa shule ya msingi, na Alhamisi ile aliunguza supu ya njegere ya watoto mia mbili kwa sababu alikuwa akiwaza miguu mitatu au minne. Miguu mitatu haiyumbi, lakini inapinduka. Minne haipinduki, lakini sakafu ya nyumba za kwao imeinama tangu wakati wa babu. Alihamisha meza ya jikoni mara mbili wiki ile, kisha akairudisha ilipokuwa.

Mama mkwe wake, Aune, mwenye miaka themanini na moja, alikuja kila siku kwa basi la saa tatu kukaa na mwanawe. Aliketi akiwa ameweka kiganja juu ya mfuko wa kushoto, na kwa mkono mwingine alikunywa kahawa. Aliufumia mdomo wa mashine soksi ya sufu, kwa sababu Oktoba ilikuwa imeanza kuuma.

"Alikuwa hivihivi tangu mdogo," alisema. "Hakai. Kila siku mlo wangu nilikula nimesimama."

Aune ndiye aliyeleta kigoda cha kuwekea maua, cha mti wa msonobari. Mashine ilikikalia dakika kumi. Kisha Tuulikki akaagiza kiweko cha plastiki kwa mtandao, kikaja kimekunjwa ndani ya boksi pamoja na ufunguo mdogo na karatasi ya michoro isiyo na neno hata moja. Alikiunga kwa saa mbili. Aune akakitazama huku akitafuna mkate.

"Hiki ni cha kuwekea miavuli, mwanangu."

"Mama, kimeandikwa kinabeba kilo hamsini."

"Kubeba si kutuliza. Punda naye anabeba."

Kufikia saa sita mchana mashine ilikuwa chooni.

Jambo moja ambalo Reijo hakulifuata kama alivyofundishwa lilihusu chokaa. Chokaa ikishatumika hutupwa. Reijo aliona uchungu kuitupa. Aliitandaza juu ya magazeti kwenye benchi la juu la sauna ya klabu, chumba cha mbao cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, moto ukiwa umepoa, na ikikauka ilikuwa nyeupe na nyepesi kama ilivyotoka kiwandani. Aliirudisha kwenye ndoo na kubandika utepe wenye neno "mpya", bila nia mbaya, kwa kuwa machoni pake ilikuwa mpya. Katika nchi ile watu huamini kwamba hakuna kilichochoka ambacho sauna haiwezi kukirudishia nguvu, kuanzia mgongo mpaka ndoa, na Reijo aliichukua imani hiyo akaipeleka mahali pasipo pake.

Klabu nzima ilijua. Mficha uchi hazai, wasema wahenga, na katika sauna hakuna anayeficha uchi; walichoficha wale kilikuwa kingine. Tuulikki naye alijua. Mwezi wa Julai, siku ya sauna ya wanawake, aliinuka kwenye benchi akakuta punje nyeupe zimemganda mapajani. Alizipangusa, akamwagia mawe maji, akaendelea kuzungumza habari za stroberi za mwaka ule. Sasa kila akioga alijikuta akisugua mapaja palepale, na alijichukia.

Ijumaa ya tarehe thelathini na moja alitoka kazini saa nane. Fomu ilikuwa kwenye mkoba, imejazwa yote ila saini. Alikuwa ameamua kusaini, na njiani akaamua kutosaini, na alipofika mlangoni alikuwa ameamua tena kusaini. Wanachama ishirini na wawili walikuwa bado wakijaza chokaa kutoka kwenye ndoo za Reijo. Watoto Veikko hakuacha. Alichoacha ni jina lake, na jina hilo lingeandikwa uzembe. Kwa upande mwingine kulikuwa na Aune na kiganja chake.

Saa tisa gari likasimama uani. Reijo akabisha hodi akiwa ameshaingia, akavua viatu, kidole gumba kikichungulia kwenye soksi. Mkononi alikuwa na kiweko cha chuma kilichopakwa rangi ya kijani.

"Nimesikia haitulii," alisema. "Nimeunga hiki."

Hakuna aliyemkaribisha kahawa, na kwao huko hilo ni tusi kubwa kuliko kutukanwa. Reijo hakuonekana kulihesabu. Alikiweka kiweko karibu na dirisha. Kilikuwa na miguu minne, kila mguu umevishwa kisahani cha mpira cha mchezo wa magongo ya barafuni, na mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mingine.

"Umekosea kipimo," Tuulikki alisema.

"Sikukosea. Veikko alikuwa anaegemea kushoto tangu alipovunjika nyonga. Sentimita mbili na nusu."

Tuulikki alilala na mtu yule miaka ishirini na sita na hakuijua sentimita hiyo. Ilimuuma. Wakaiinua mashine pamoja, mmoja huku na mwingine kule, wakaiketisha. Ikainama kidogo kushoto. Mifuko ikajaa polepole, ikakaa imejaa kitambo, ikanywea. Wakasubiri. Aune aliangalia saa ya ukutani robo saa nzima.

"Kimemkaa," alisema mwishowe, na machozi yakamlengalenga. "Veikko wangu. Umechoka, eeh?"

Reijo alitoa spana mfukoni akaanza kukaza nati ambazo zilikuwa zimeshakazwa. Tuulikki alimwona shingo yake, nyekundu kwa baridi, na akatamani kumshukuru na kumpiga kwa mkono uleule.

"Reijo. Chokaa ya siku ile ulikuwa umeikausha?"

Spana ikasimama.

"Kila mtu alijua naanika."

"Sikukuuliza wanachojua watu."

"Fungua," Reijo alisema bila kugeuka. "Una fomu. Fungua, wapime, watasema wenyewe. Mimi sitabisha."

"Nikifungua anatoka."

"Ndiyo."

"Wewe lakini tukikufungua, hatoki mtu." Tuulikki alisogeza simu mezani mpaka ikagusa kiwiko chake. "Niskala yuko ofisini mpaka saa kumi. Sema tu. Maneno mawili. Jina la mwenzako litakuwa safi, na yeye atabaki hapa na mama yake."

Reijo aliitazama simu. Alikuwa mtu mzuri, na ndilo linaloudhi. Alimbeba Veikko mgongoni mita mia nne za kichaka, na kwenye mazishi ndiye aliyekaa jikoni akiosha vikombe. Alifungua mdomo. Walimsikia akivuta pumzi, na mashine nayo ikavuta, na kwa muda wote wawili walikuwa wameshika pumzi pamoja, kama walivyozoea kufanya ukingoni mwa maji kabla ya kuzamia.

"Mguu wa nyuma unahitaji washa nyingine, ile pete ya chini ya nati," alisema. "Nitaleta kesho."

"Reijo, mwanangu," Aune alisema, "wewe ni mwoga."

"Ndiyo, mama."

Akavaa viatu akaondoka.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Tuulikki alitoa fomu, akaiweka mezani, akashika kalamu. Kwenda kituo cha polisi ilikuwa dakika sita. Aune hakumwomba lolote. Alikuwa amerudisha kiganja kwenye mfuko, na kiganja kilipanda na kushuka, kilipanda na kushuka. Tuulikki aliandika herufi ya kwanza ya jina lake. Kisha akaenda kukaa upande wa pili, akaweka mkono wake kwenye mfuko wa kulia, na ulikuwa na joto. Akalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kengele ya kanisa ikapiga saa kumi.

Dakika tatu baadaye simu ikaleta ujumbe wa Niskala: jalada limefungwa, pole sana.

Gazeti la mji liliandika habari hiyo Jumatano, mistari minne, chini ya bei za matairi ya baridi. Klabu iliitisha kikao, ikasimama dakika moja kumkumbuka Veikko, ikapitisha kanuni kwamba kila mzamiaji awe mwangalifu anapojaza chokaa yake. Reijo ndiye aliyeandika muhtasari. Funika kombe mwanaharamu apite.

Mashine haikushuka tena. Tuulikki aliweza kwenda kazini, supu haikuungua, na sakafu ilikauka. Kila Jumamosi Reijo alikuja na spana yake, akakaza nati, akaulizia hali ya Aune, akaondoka bila kahawa. Washa aliileta.

Jumamosi ya pili ya Novemba Tuulikki alikwenda sauna ya klabu mapema, kabla haijawashwa. Kwenye benchi la juu chokaa ilikuwa imeanikwa, nyeupe, imesawazishwa vizuri kwa upande wa kiganja. Chini yake kulikuwa na gazeti la Jumatano. Alifagia kidogo kwa kidole na kuona bei za matairi, akaona na mistari minne.

Alijaza ndoo maji akaimwagia yote. Ikawa uji, ikachuruzika kati ya mbao mpaka sakafuni. Alikwenda stoo, akazimwaga na ndoo mbili zenye utepe wa "mpya", akaacha mlango wazi ili aonekane. Aliporudi nyumbani viatu vyake vilikuwa vyeupe. Aune alimtazama miguu, akamtazama uso, akamkatia mkate.

Wiki iliyofuata palikuwa pameanikwa nyingine, juu ya gazeti jipya. Tuulikki akajaza tena ndoo maji.