Komeo la Tumboni

Dinosaria wa mwisho kwenye njia ya bustani yetu ya maonyesho ndiye mkubwa kuliko wote, na ndiye pekee anayeendeshwa na mtu. Wenzake wote wana mota. Mgeni akipita mbele ya jicho la umeme lililofichwa kwenye majani ya plastiki, mnyama anageuza shingo, anafungua mdomo, spika inanguruma, watoto wanajificha nyuma ya mama zao, kisha kundi linasogea kwa mwingine. Huyu wa mwisho mota yake ya shingo iliungua mwaka ule walipochimba bwawa la samaki wa mapambo. Nakumbuka vizuri, kwa sababu samaki waliwekewa wavu wa kivuli wiki hiyohiyo, na sisi tulioomba turubai la kupumzikia tukaambiwa tuwe wavumilivu.

Meneja alisema mota imeagizwa, ipo njiani. Kwa muda huo mfupi, akasema, atafutwe mtu mwembamba mwenye mikono ya nguvu akae tumboni aiendeshe shingo mwenyewe. Muda huo mfupi umekula misimu miwili ya mvua na viatu vyangu sijui jozi ngapi. Ndiyo maana Meneja tunamwita Ipo Njiani. Anajua, na wala hajali.

Mtu mwembamba aliyepatikana ni wifi yangu, mke wa kaka yangu. Kabla ya hapo alikuwa akifua hotelini, mikono yake ni ya kukamua mablanketi. Mimi kazi yangu ni kuwapokea wageni kwenye kituo hicho cha mwisho, na bustani ikifungwa nashona ngozi za wanyama. Ngozi yenyewe ni sponji iliyopakwa mpira. Inachanika kila inapokunjwa, na kidevu ndiyo sehemu mbaya kuliko zote, kwa sababu pale mpira ni mwembamba na sindano haishiki. Wifi aliniapia siku ya kwanza kwamba hatakiacha kile kichwa kigonge reli ya kuzuia wageni hata siku moja, asije akanipa kazi ya kidevu.

Ndani ya tumbo kuna kiti cha plastiki kilichokatwa miguu, mkono wa chuma wa kuinua shingo, kanyagio la mdomo, na vishikio viwili vya waya za kope, kimoja cha jicho la kushoto, kimoja cha kulia. Feni hakuna. Tuliomba, tukajibiwa kwamba wageni watasikia feni wajue si mnyama wa kweli. Sasa mnyama aliyekufa kabla binadamu hajaanza kuvaa nguo, nani atamdhania ni wa kweli? Lakini jibu lilikuwa hilo.

Mlango uko chini ya tumbo, katikati ya miguu ya nyuma. Mwanzoni ulifungwa kwa mkanda, kwa ndani. Siku moja mtoto mmoja akaupenyeza mkono, akauvuta, akamkuta wifi amevaa singlendi, miguu kwenye beseni la maji, anatafuna mkate. Mtoto alikimbia akilia kwamba dinosaria amemeza mtu, na mtu mwenyewe bado anakula. Kesho yake Ipo Njiani akaagiza komeo lifungwe kwa nje, na mimi nikapewa kazi ya kulifunga na kulifungua.

Wifi alikwenda ofisini kuomba komeo liwe ndani. Alikwenda si mara moja. Safari ya mwisho Ipo Njiani alimwambia wazi kwamba komeo likiwa ndani atakuwa anatoka kila akijisikia. Wifi akamjibu kwamba ndivyo watu wanavyofanya na vyumba.

Komeo likabaki nje. Kupiga kelele haikusaidia, maana spika ya mngurumo iko juu ya kichwa chake. Tulijaribu agonge mbavu za chuma kwa spana; wageni wakaanza kuuliza nani anabisha hodi, na spana ikapigwa marufuku. Basi tukapatana sisi wawili, kimya kimya: dinosaria akifumba jicho la kushoto peke yake, maana yake nifungulie. Na lilifanya kazi. Akikonyeza, nawahimiza wageni waende wakapige picha kwenye yai la saruji, nazunguka nyuma, navuta komeo. Anatoka, anakunywa maji, ananiambia niko taratibu kama bibi harusi, anarudi ndani. Hatukumwambia mtu, kwa sababu kila tulichomwambia mtu kilikatazwa.

Ikaja ile Jumatatu ya mapumziko yetu. Jumapili yake mgeni mmoja alikwenda kulalamika ofisini kwamba dinosaria amemkonyeza mkewe, na mke amecheka njia nzima mpaka getini. Ipo Njiani akamwita fundi wa umeme, mzee mmoja mpole tunayemwita Volti, akamwagiza aziunganishe zile waya za kope ili macho yote mawili yafumbe pamoja, heshima irudi. Volti akafanya alivyoagizwa, akafunga sanduku lake, akaenda nyumbani. Hakuwa na sababu ya kumwambia yeyote. Kwake zilikuwa waya tu.

Jumanne ilikuja shule nzima, na jua la kukausha samaki. Wifi aliingia asubuhi, nikafunga komeo. Kufika adhuhuri nikaona dinosaria anafumba macho yote mawili. Nikawaambia watoto anasinzia. Akafumba tena, na tena, haraka haraka, na watoto nao wakawa wanampepesea macho. Mimi nilikuwa nalitazama jicho la kushoto, nangoja lifumbe peke yake, na peke yake halikufumba.

Kisha shingo ikaanza kushuka. Ilishuka polepole mpaka kidevu kikalala juu ya reli, na pale reli ilipokigusa nikasikia mpira unachanika. Wageni wakapiga makofi. Spika ikaendelea kunguruma, maana yenyewe ina umeme wake. Mimi nikakimbia. Wifi yangu asingekiacha kile kidevu kama mikono yake ingali inamtii.

Nilipovuta komeo alinimwagikia kama gunia lililokatwa kamba. Kichwa kilitangulia, nguo zimelowa zote, tukaanguka sote wawili kati ya miguu ya mnyama. Halafu mtoto mmoja wa mbele akatangaza, "Amezaa."

Shule nzima ikashangilia. Mwalimu wao alijaribu kueleza kwamba wanyama hawa walikuwa wanataga mayai, hakuna aliyemsikiliza. Nilimburuta wifi mpaka kwenye kivuli cha mkia, nikammwagia maji ya beseni, nikampepea kwa kofia yangu. Alichelewa kufumbua macho. Katika kuchelewa huko nilikuwa nikifikiria nitamwambia nini kaka yangu. Alipofumbua, akanitazama kwa hasira.

"Wifi, nimekukonyeza mpaka mkono umekufa ganzi."

"Ulikuwa unafumba yote mawili."

"Mimi nimevuta kushoto tu. Niulize tena kama unataka nikupige."

Volti alipoitwa akatueleza habari ya mgeni na mkewe. Tulipomweleza na sisi habari ya jicho la kushoto, alikaa juu ya sanduku lake la vifaa. Hatukumlaumu. Aliyelaumiwa alikuwa ofisini, kwenye kiyoyozi.

Kesho yake tulikwenda huko watatu, mimi, wifi na Volti. Wifi alikuwa amekwisha apa nyumbani, mbele ya kaka yangu, kwamba haingii tumboni mpaka komeo lihamie ndani, na kama ni kufukuzwa, afukuzwe. Kaka alimwambia asiingie hata likihamia. Lakini nyumba yao inakula kwa ile shingo, na wote wawili walilijua hilo.

Ipo Njiani alitupokea kwa tabasamu ambalo sijawahi kuliona. Mzazi mmoja alikuwa amerekodi kwa simu, video imezunguka mji mzima, na tangu alfajiri watu wanapiga simu kuuliza dinosaria anazaa saa ngapi. Akasema anataka kuzaa kuingizwe kwenye maonyesho, kila msafara mara moja, mwishoni. Akauliza kidevu kimechanika kiasi gani. Wifi hakuulizwa anaendeleaje. Alikuwa amekaa mbele yake, midomo imepasuka, na hakuulizwa.

Nilikuwa nimefungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya tangu wavu wa samaki. Wifi akanikanyaga mguu chini ya meza, akauliza kwa sauti ya unyenyekevu ambayo si yake: huyo mtoto atafunguliwa na nani?

Ipo Njiani akanionyesha mimi.

"Meneja, watu wakimwona wifi yangu huyu anavuta komeo, hiyo siyo kuzaa, ni kufungua stoo. Mtoto atoke mwenyewe."

Ipo Njiani akafikiri, akapiga meza, akasema huyu mama ana akili ya biashara. Volti aliamriwa alihamishe komeo mara moja. Kabla ya chai lilikuwa ndani, na waya za kope zikatenganishwa palepale. Misimu miwili ya mvua tuliliomba kwa sababu mtu anaweza kufa, likashindikana. Likahama asubuhi moja kwa sababu ya makofi. Nayaandika haya ili asije mtu kusema lilihama kwa huruma.

Jumamosi bustani ilifurika. Bango la kuzaa lilikuwa getini, na Ipo Njiani alisimama kwenye kituo changu na wageni wake waliovaa suti. Msafara wa kwanza haujafika hata vizuri, mlango wa tumbo ukafunguka, wifi akatoka. Makofi. Akakaa chini ya mkia, akatia miguu kwenye beseni, akanywa maji, akajifuta, akarudi ndani. Baada ya muda akatoka tena. Makofi tena. Alitoka kila joto lilipomtaka atoke, na kila alipotoka watu walishangilia kama ndiyo mara ya kwanza.

Mwishowe Ipo Njiani akamsogelea, akamnong'oneza kwamba makubaliano ni mara moja, tena mwishoni. Wifi hakunong'ona. Alikuwa na taulo shingoni.

"Mzazi ni huyo hapo, Meneja. Muulize yeye."

Wageni wa suti walicheka, na Ipo Njiani akalazimika kucheka nao.

Jioni akaja kwangu kukagua kidevu. Nilikuwa nimekishona vizuri, hakuona pa kulalamikia. Akainama chini ya tumbo, akaona matundu manne ya skrubu pale komeo la nje lilipokuwa, akasema yanaharibu sura, niyazibe. Nikamwambia gundi imeisha, nimeagiza nyingine, ipo njiani.