Kipimo cha Paa

Bega la kulia la Feruzi lilikufa kabla gari halijazaliwa. Kwa miezi saba alikuwa akigonga bati juu ya kalibu ya mti aliyoichonga mwenyewe, kwenye gereji ya Musie Godefroid huko Elisabethville, akiunda bodi ya kigari kidogo kupita vyote vilivyopata kuonekana mjini. Injini na chesisi zilitoka Ulaya. Mengine yote, tangu paa hadi milango, yalitoka mikononi mwake. Alikuwa amechoka, uchovu wa kulala nao na kuamka nao.

Lakini aliahidiwa. Musie Godefroid, patron wake, alisema gari likimtosha akaenda nalo kwenye maonyesho, Feruzi atakuwa kapita, msimamizi wa karakana. Kapita hagongi bati; husimama akaonyesha kidole. Mkewe Adija, nyumbani kwao Kamalondo, alimkanda bega kila jioni kwa mawese huku akimtania: "Baba Alima, siku utakuwa kapita, nitakukandaka kidole?"

Mchoro wa patron ulionyesha umbo la nje tu. Ya ndani alimwachia fundi. Feruzi hakuhangaika, maana yeye na patron walilingana kimo. Wakisimama bega kwa bega huoni tofauti. Basi aliketi mwenyewe kwenye kiti, akaongeza vidole vinne juu ya kichwa, akafunga paa.

Jumatatu patron akaja kulijaribu. Alipoketi tu, kichwa kiligonga paa, shingo ikapinda, na miguu haikufika kwenye pedali. Kumbe urefu wa Musie Godefroid ulikuwa kiunoni kwenda juu, na wa Feruzi ulikuwa wote miguuni.

"Juu ya nini hapana pima miye?" patron akafoka.

"Nilipimaka, patron. Kusimama, tuko sawa." Feruzi akakionyesha kiti cha gari. "Lakini kuikala... miye na patron, hatuyaikalaka pamoja."

Ilikuwa kweli tupu. Miaka kumi na mmoja ya kazi, na kila alipoitwa ofisini patron aliketi nyuma ya meza, naye akasimama akiangalia sakafu. Nani angethubutu kumwambia mzungu akae, ampime mgongo?

Patron alitoka garini akijisugua utosi, uso umemwiva.

"Kata paa. Inua. Na kapita, basi, nitatafuta mungine."

Akaenda zake. Feruzi hakuwa hata na nguvu ya kukasirika. Kwa kuwa fundi hakuwekewa kiti humo karakanani, alifungua mlango wa gari akaketi ndani. Mgongo ukapata mahali pake, miguu ikazikuta pedali zenyewe, kichwa kikakaa kwa raha chini ya bati. Lilimwenea kuliko shati alilovaa. Akalia, wala hakuona haya. Kisha akajifuta uso, akashuka, akaenda kutafuta msumeno wa chuma.