Kijiti cha Pili

Tek.

Bado kulikuwa na giza, na sauti hiyo ilitoka jikoni, nyuma ya ukuta ulio karibu na kitanda changu. Mama mkwe wangu alikuwa anavunja vijiti vya kuwashia moto. Yeye havivunji ovyo. Huchukua kimoja, akasema neno moja la shukrani, ndipo akakivunja, halafu kingine. Asante kwa kuamka. Tek. Asante kwa maji kwa mtungi. Tek. Asante kwa mbuzi amezaa salama. Tek. Tangu niolewe hapa Kathonzweni sijawahi kusikia moto wa nyumba hii ukiwashwa kwa njia nyingine. Hata ule mwaka mvua ilipokataa na mbuzi wakaisha, vijiti viliendelea kupata maneno. Nilipomuuliza anawezaje kushukuru siku mbaya, alicheka.

"Nikingoja kwanza nisikie vizuri, Mama Mutanu, hii nyumba haitakunywa chai."

Asubuhi hiyo nilikuwa nimelala na Kilonzo kifuani, ananyonya, nami nasikiliza.

"Asante kwa mjukuu." Tek.

Nikangoja. Kila alfajiri tangu nitoke hospitali nilikuwa nangoja kijiti cha pili, na kila alfajiri hakikuja. Ilifuata asante kwa unga, asante kwa Muindi huko kazini, kisha kiberiti, kisha moshi.

Nilizaa mapacha. Kilonzo alitangulia, akilia kama mtu anayedai haki yake. Dada yake akafuata, mdogo, kimya, macho wazi. Wauguzi walimhangaikia kwa moyo wote na siwezi kusahau wema wao. Usiku ule walimweka kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, na akanishika kidole. Alikishika mpaka kukapambazuka. Kisha akaachilia.

Kwetu Ukambani mtoto hupewa jina siku ya tatu. Nyanya yake, mama wa baba, ndiye humwita kwa jina hilo mara ya kwanza. Wazee wa zamani walisema kwamba kabla hajaitwa bado si mtu wa nyumba, bado ni wa huko alikotoka. Sisi ni watu wa kanisa, hatusemi maneno hayo tena. Lakini jambo linaweza kuacha kusemwa na bado likafanywa. Siku ya tatu Kilonzo aliitwa Kilonzo, jina la babu yake. Dada yake alikuwa ameshazikwa kando ya mtaro wa shamba bila kuitwa kitu. Nguo zake ndogo sikuziona tena. Hakuna aliyemtaja. Muindi, mume wangu, ambaye huchomelea mageti Sultan Hamud na kuja nyumbani Jumamosi, alikuwa akifika tu anauliza, "Mtoto yuko aje?" Mtoto. Kama aliyekuwa mmoja tangu mwanzo.

Na jina lake lilikuwepo, linangoja. Binti wetu wa kwanza, Mutanu, alichukua jina la mama mkwe, kama inavyotakiwa. Wa pili alikuwa amchukue mama yangu, Katunge, aliyefariki nikiwa darasa la saba. Ndiyo sababu nilimalizia masomo ukubwani, jioni, katika darasa la gumbaru. Miaka hiyo yote nilikuwa nangoja kumwita mtu Katunge tena.

Sasa ilikuwa imebaki Jumapili ya kumleta mtoto kanisani. Mama akishapata nguvu, akina mama humwimbia kutoka mlangoni mpaka mbele, naye husimama na mtoto mkononi, akaeleza kanisa lote anachomshukuru Mungu. Ijumaa, Mama Gedion, kiongozi wa akina mama, akaja na jagi la uji.

"Huyu mzee amelala?"

"Ananyonya."

"Tena? Anavuta kama pampu ya kisima! Atakumaliza, Mama Mutanu, tuje tukute mifupa na leso." Akaketi, akanimiminia uji. "Sasa sikiza. Mchungaji atakuuliza, unamshukuru Mungu kwa nini. Usinong'one. Mama Ndululu alinong'ona, watu wa nyuma wakadhani anaungama dhambi."

Nikacheka, nikashangaa kujisikia nikicheka.

"Niseme nini, lakini?"

"Wee! Si ni mtoto? Mungu amekuachia mmoja." Akanigusa goti, na sauti ikashuka. "Wengine hurudi mikono mitupu, mamii. Mshukuru tu."

Alisema kweli. Wote walioniambia hivyo walisema kweli. Lakini kila nilipopiga magoti na kusema asante kwa mmoja, neno hilo "mmoja" lilinikwama. Nikisimama mbele ya kanisa niseme hivyo, nitakuwa nimekubali kwamba yule mwingine hakuja. Nikikataa kusimama, nitamwaibisha mama mkwe, nionekane mtu asiye na shukrani, na huku Kilonzo yuko hapa, mzito, ana joto, anakoroma kama babu. Na shukrani nilikuwa nazo. Hapo ndipo penye taabu. Nilikuwa nazo mbili, na nilipewa nafasi ya kutoa moja.

Jumamosi alfajiri niliposikia tek ya kwanza, niliamka nikaenda jikoni. Mutanu alikuwa ameshanitangulia. Amechuchumaa karibu na nyanya yake na rundo lake dogo la vijiti. Wanapenda kukaa hivyo. Kwa sababu ya lile jina, mama mkwe humwita "mwenzangu," na akimtuma mahali huwa anamwambia, "Nenda, ukisema wewe nimesema mimi."

"Asante kwa mjukuu," mama mkwe akasema. Tek.

Mutanu akachagua kijiti. "Asante kwa ule mtoto mwingine—"

Mkono wa nyanya yake ukamfikia kabla hajakivunja. Akakichukua polepole, bila hasira, akakiweka chini.

"Huyo hatumtaji, mwenzangu."

"Kwa nini, Susu?" akamuuliza nyanya yake.

"Enda uangalie kama kuku wametoka."

Mutanu akatoka. Nikaketi pale alipokuwa, Kilonzo begani.

"Mwaitu," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita, mama. "Mimi pia nauliza. Kwa nini?"

Akapanga vijiti ambavyo vilikuwa vimeshapangika.

"Kabla ya Muindi kulikuwa na mwingine," akasema. "Msichana. Hakufika siku ya kuitwa. Nikaambiwa nisilie, hajakuwa mtu. Siku hiyo hiyo nikabeba mtungi nikaenda mtoni."

Sikuwa najua. Nadhani hata Muindi hajui.

"Na hukuwahi kumshukuru Mungu kwa sababu yake?"

"Nitamwambia aje?" Aligeuka kuniangalia, na kwa mara ya kwanza niliona anaogopa. "Nikisema asante kwa huyo, si Mungu atasikia ni asante kwa kumchukua? Siwezi. Vijiti vyangu vyote ni vya kweli, Mama Mutanu. Hicho kingekuwa cha uongo, na mimi siwezi kuwasha moto na uongo."

Nilikuwa nimekuja kumlaumu, na sasa sikuwa na lawama. Alfajiri hizo zote nilidhani kijiti cha pili hakivunjwi kwa sababu amesahau.

"Mimi pia sishukuru kwa asubuhi ile," nikamwambia. "Nikifika kwa Mungu nitamuuliza asubuhi ile ilikuwa ya nini. Mimi nashukuru kwa kidole."

"Kidole gani?"

"Alinishika kidole, Mwaitu. Usiku mzima. Alikuwa na nguvu, huwezi amini. Kile kitu kilikuwa kizuri, na alikileta Mungu. Nikinyamaza juu ya yule mtoto, hata hicho nitakuwa nimekikana."

Alikiangalia kile kijiti cha Mutanu pale chini. Nilifikiri atakichukua. Badala yake akawasha kiberiti.

"Kesho taja Kilonzo, ukae chini," akasema. "Watu wataogopa. Mimi mwenyewe nitaogopa."

Jumapili akina mama walitupokea mlangoni kwa wimbo na vigelegele. Muindi alivaa koti la harusi yetu na kubeba jogoo wa sadaka. Mama mkwe aliketi benchi ya mbele, leso mpya, Mutanu ubavuni. Tulipofika mbele Mchungaji Mutiso alinyamazisha wimbo kwa mkono.

"Mama Mutanu, tuambie. Unamshukuru Mungu kwa nini leo?"

"Namshukuru Mungu kwa Kilonzo," nikasema. Sikunong'ona. "Ni mzima. Ananyonya. Akilala huwa anatabasamu, na sijui anaona nini."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mama Gedion akapiga kigelegele kirefu.

"Amina! Basi tuombe," mchungaji akasema, "tumshukuru Bwana kwa huyu mmoja aliyetuachia."

Vichwa vikainama. Changu hakikuinama.

"Mchungaji, ngoja kidogo."

Vichwa vikainuka tena. Nikamkaza Kilonzo.

"Sijamaliza. Walikuwa wawili. Dada yake alikuja, akakaa na sisi usiku, akanishika kidole, akaenda. Nimelia sana na bado nitalia. Lakini alikuja. Nilimbeba. Nataka kumshukuru Mungu kwamba nilimbeba."

Jogoo alisikika akihema kanisa zima. Nilimtazama Muindi. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. Alimpa mzee wa kanisa yule jogoo, akaja akasimama karibu nami, mkono wake mgongoni kwangu.

Mchungaji Mutiso alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Anaitwa nani?" akauliza kwa sauti ya chini. "Tumtaje kwa Bwana."

Jina lilikuwa mdomoni mwangu. Lakini halikuwa langu kulitoa. Ningelitoa mimi, lingekuwa neno la mama mwenye huzuni, na mtoto angebaki nje ya nyumba vilevile. Nikamgeukia mama mkwe.

Alikuwa amekaa wima, macho kwangu. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, mitupu, lakini vidole vilikuwa vimekaza kama vimeshika kitu chembamba, kila mkono upande wake. Midomo ikasogea. Sauti haikutoka. Akajaribu tena. Nikaona machozi yakimdondokea kwenye leso mpya, machozi ambayo nadhani yalikuwa ya wasichana wawili.

Kisha vidole vyake vikavunja kile ambacho hakikuwepo.

Akainama. Akaweka mdomo kwenye sikio la Mutanu, akakaa hapo. Halafu akamshika kwapani akamsimamisha juu ya benchi, kila mtu amwone.

"Mwenzangu," akasema, sauti imekauka. "Ukisema wewe nimesema mimi."

Mutanu aliwaangalia watu wote, akamwangalia baba yake, akaniangalia mimi.

"Mtoto wetu mwingine anaitwa Katunge," akasema.