Mpe Bwana Kiti

"Fundi, mpe bwana kiti," mkewe alisema kutoka kitandani. "Amesimama muda mrefu."

Seremala akaacha kupiga randa. Akadhani ni yule bwana aliyeagiza kabati, maana huyo naye kwa usumbufu hajambo! Akachungulia nje. Hapakuwa na mtu. Maranda yalitanda mpaka mlangoni, na juu yake hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Akarudi ndani. Jua la saa saba lilikuwa linachoma, lakini chumbani mlikuwa na baridi. Hospitali walikuwa wamemrudisha mgonjwa nyumbani kwa pole nyingi na dawa za kutuliza maumivu tu, na tangu hapo fundi hakuwa na ugomvi na mtu ila Mungu. Hata kuomba alikwisha acha. Basi akajua ni nani aliyekuja. Akapiga komeo, akasimama na nyundo mkononi. Nyundo! Umpige nani, ndugu yangu?

"Unamfungia nani?" mkewe akauliza.

"Huyo aliyekuja kukuchukua."

Mkewe akacheka mpaka akakohoa. "Wewe nawe! Miaka yote, kila tukikaa mezani, 'Karibu Bwana, karibu kwetu.' Leo kaja, unamshikia nyundo."

Fundi akashusha nyundo. "Bwana... Bwana huyo?"

"Kwani tuna mwingine?"

"Mwambie asikuchukue. Nitabaki na nani mimi?"

Mgonjwa akageuza macho kwenye kona, kama mtu anayesikiliza. "Anasema mimi nitakwenda naye, na wewe utabaki naye."

"Yuko wangapi?"

"Muulize mwenyewe. Yupo hapo."

Fundi akalia, tena bila haya. Kisha akaleta kiti alichokimaliza asubuhi ile, akakiweka kwenye kona. "Karibu, Bwana," akasema. "Naogopa sana." Kiti kikalia polepole, kama kinavyolia kiti kipya mtu akikikalia. Nywele zikamsimama, lakini hakukimbia. Akavuta kigoda, akaketi karibu.

Mkewe alikata roho jioni ile, mkono wake mkononi mwa mumewe. Majirani wakajaa, vilio juu. Dada wa marehemu, miguu imemchoka, akashika kile kiti akivute.

"Hapana, shemeji," fundi akasema kwa upole. "Hapo pana mtu."

Shemeji akakiachia, akaketi sakafuni, wala hakuuliza ni nani.