Sinia Moja la Mheshimiwa na Tomi

Maneno yalianzia saluni, kama maneno mengi ya Makole yanavyoanza. Msusi alisema, kitana mkononi, kwamba mbwa anayeuma mbwa wenzake hamalizi mwaka kabla hajamgeukia mtoto wa nyumba. Eti kuna familia huko Mvumi yamewakuta. Familia gani, hakujua. Mtoto wa nani, hakujua. Ila mbwa alikuwa mwekundu, hilo alikuwa na hakika nalo.

Mbwa wa Devota naye alikuwa mwekundu. Devota aliinuka kwenye kiti akaenda zake nyumbani, kichwa kimesukwa upande mmoja, akamkuta binti yake Sabrina amelala sakafuni na shavu lake liko juu ya tumbo la mbwa, wote wawili wanakoroma. Alisimama mlangoni hajui amwamshe yupi kwanza.

Mbwa huyo aliitwa Mheshimiwa. Jina alipewa na Bhagwanji, mzee aliyekuwa na duka la vitambaa mjini. Yeye na mkewe Shantaben walihamia Mwanza kwa mtoto wao Nikhil, na kwa kuwa Nikhil anaishi ghorofani, mbwa hakuwa na pa kukaa. Devota, aliyekuwa akiwashonea mapazia, aliombwa amchukue. Alikubali kwa sababu ya Sabrina. Baba yake anaendesha lori, na tangu aanze safari za Kigoma mtoto alikuwa halali mpaka ashikwe mkono. Mheshimiwa alipotandikiwa gunia mlangoni pa chumba, Sabrina alilala usingizi mmoja mpaka asubuhi. Devota naye, baada ya miezi mingi ya kulala ameketi, alijinyoosha kitandani kama mtu aliyelipiwa hoteli.

Kwa watu, mbwa huyu alikuwa mpole. Mtoto akimvuta sikio, analeta na la pili. Lakini akimwona mbwa mwenzake, hata akiwa mbali, nywele za mgongoni zinasimama, macho yanatoka, na Devota anakokotwa kama mkokoteni. Na kuishi Dodoma na mbwa anayeitwa Mheshimiwa nayo ni kazi. Siku aliyomkokota mpaka kwenye meza ya matunda ya Anjelina, akimfukuza mbwa mdogo wa watu, Devota alipiga kelele, "Mheshimiwa, achia." Bwana mmoja mwenye tai, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni, akarudisha kichala cha zabibu mezani haraka na kuanza kujieleza kwamba alikuwa anaonja tu.

Yote hayo mtaa ulicheka. Hawakucheka Mheshimiwa alipomrarua sikio Tomi.

Tomi alikuwa mbwa wa Ritha, mama wa Kihaya anayefanya kazi ofisi za serikali, na ndiye shoga mkubwa wa Devota pale mtaani. Watoto wao walisoma shule moja. Ritha hakufoka, alimpeleka Tomi kwa daktari wa mifugo, akarudi, akasema yameisha. Lakini mwenyekiti wa mtaa, Mzee Matonya, alikuwa ameshaletewa malalamiko na wengine. Alikuja mwenyewe, akapokea shikamoo ya Devota, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akasema kuanzia sasa mbwa wote mtaani watembee na kamba. Kisha akamtazama Mheshimiwa aliyekuwa anamlamba kiatu.

"Huyu akiuma tena, mwanangu, anaondoka," alisema. "Na unajua mbwa wa namna hii anaondokaje."

Devota alijua. Sabrina, aliyekuwa nyuma ya pazia, naye alijua, na usiku huo alirudi kushikwa mkono.

Basi Devota akajitafutia dawa. Marehemu bibi yake kule Mvumi alikuwa mpatanishi. Ndugu waliogombea shamba, wake wenza waliorushiana kinu, bibi aliwakalisha kitako, akawawekea chungu kimoja cha mlenda na ugali mmoja, akasema hakuna kuinuka mpaka chungu kiwe kitupu. Watu walianza wakiwa wamegeuziana migongo na kumaliza wakiwa wanapigania ukoko. Devota aliliona hilo kwa macho yake utotoni. Akaona kama dawa iliwafaa wake wenza, mbwa watashindwaje.

Alimweleza Ritha. Ritha alisita kidogo, lakini ni mtu wa watu, akakubali kumleta Tomi jioni akitoka kazini. Devota akapika ugali mkubwa, akachemsha supu ya mifupa, akavimwaga vyote kwenye lile sinia lake la sherehe lenye maua, akaliweka katikati ya uwanja. Akamshika Mheshimiwa huku, Ritha akamshika Tomi kule, wakawasogeza taratibu, Devota akisema kwa sauti ya bibi yake, "Kuleni, muwe ndugu."

Hawakuwa ndugu. Ugali ulipaa, sinia likaita kama kengele ya shule, na Ritha, aliyekuwa na gauni la kazini na viatu virefu, aliteleza kwenye supu akakaa humo humo. Bahati ya Mungu, meno ya Mheshimiwa yalishika pindo la gauni badala ya mguu wa Tomi, na ndoo ya maji ya Sabrina ikawatenganisha. Mbwa hawakuumizana. Walioumizana ni wenye mbwa. Devota, kwa hofu na aibu, alisema Tomi ndiye aliyeanza, kwa kuwa anakula kama hakulelewa. Ritha alijipangusa bonge la ugali begani, akauliza polepole kama hapo kinachosemwa ni mbwa au ni yeye. Devota akakawia kujibu. Kukawia kule ndiko kulikoharibu.

Kuanzia hapo wakanuniana.

Tatizo ni kwamba shule ilikuwa moja, barabara moja, na asubuhi moja. Wote walisindikiza watoto, na wote walitoka na mbwa kwenye kamba, kwani kumwacha nyumbani kungekuwa kukiri kwamba wako ndiye mkorofi. Kubadili muda nako kungekuwa kushindwa. Kwa hiyo kila asubuhi Ritha alipita upande wa kulia, Devota upande wa kushoto, wote wametazama mbele kama wako gwaride, na barabara pana ya vumbi iko katikati. Watoto wao walipungiana mikono chini chini.

Siku za mwanzo Mheshimiwa aliruka na kubweka, Devota akivuta kamba mpaka viganja vinawaka. Ndipo akagundua jambo: akivuta, mbwa anazidi, akipiga kelele, mbwa anadhani wanabweka pamoja. Asubuhi moja alikuwa na samaki wakavu wa Mtera kwenye kikapu, na Tomi alipotokea, alimega kipande akakisokomeza mdomoni mwa Mheshimiwa kabla hajafungua domo lake. Nia yake haikuwa kufundisha. Nia yake Ritha asipate la kusimulia ofisini. Lakini mbwa alitafuna, akamtazama Tomi, akamtazama Devota, akangoja kingine.

Kesho yake akafanya hivyo tena, na kesho kutwa. Kamba akailegeza, mdomo akaufunga. Ikafika mahali Mheshimiwa akimwona Tomi ng'ambo ya barabara, hageuki tena kubweka. Anageuka kunusa kikapu. Na Devota, kwa pembe ya jicho, akaona Ritha naye anatoa kitu mfukoni na kumpa Tomi. Kilikuwa kipande cha ndizi ya kukaanga. Kila mtu na kwao.

Bado maneno ya saluni yalikuwa yanamtafuna. Mwisho akampigia simu Shantaben huko Mwanza, akamuuliza bila kuzunguka kama mbwa huyu aliwahi kumgeukia mtoto. Shantaben alicheka kwa huzuni. Alisema wajukuu zake walikuwa wanampanda mgongoni. Ila tangu akiwa mdogo hakuwahi kutoka nje ya ukuta, na mlinzi wao alikuwa anamtilia pilipili kwenye chakula ili awe mkali. Walipojua, walimkataza, lakini walichelewa.

"Watu anawajua, mama Sabrina," alisema. "Mbwa ndio hawajui."

Siku hiyo Devota alirudi saluni akamalizia upande wa pili wa kichwa, uliokuwa umefichwa chini ya kilemba siku zote hizo.

Halafu likaja suala la mtaro. Mafundi wa bomba la maji walichimba upande wa kulia wote, wakamwaga udongo barabarani, ikabaki njia nyembamba moja ya watu wote. Siku hiyo Devota alichelewa, na alipofika pale na Sabrina, Ritha alikuwa anaingia kwa upande wa pili. Alikuwa ameshamfikisha mtoto wake na anarudi. Nyuma ya Devota kulikuwa na baiskeli ya mkaa. Nyuma ya Ritha, mama mwenye ndoo kichwani. Na juu ya rundo la udongo, akikagua kazi, alisimama Mzee Matonya.

Devota alihisi mkono wa Sabrina ukibana wake. Kila kidole chake kilitaka kuvuta kamba. Hakuvuta. Aliiachia ining'inie, akatoa pumzi, akatia mkono kikapuni. Ng'ambo Ritha alikuwa anatia mkono mfukoni.

Mbwa walisogeleana kwa ubavu ubavu. Tomi alinusa. Mheshimiwa alinusa. Walinusana kwa namna ambayo watu wazima waliangalia pembeni, kisha kila mmoja akamgeukia mwenye chakula chake. Hakuna aliyeguna. Mwenye mkaa akapiga kengele apishwe.

Devota na Ritha walibaki wamesimama, pua kwa pua, wakitazama udongo.

"Hawa wamemaliza," Mzee Matonya alisema kutoka juu. "Bado ninyi. Jioni mje kwangu, mke wangu atawapikia."

Walienda. Waliwekewa sinia moja, ugali na mlenda, na hakuna kuinuka. Mbwa walifungwa uani, mmoja kwenye mwembe huu, mwingine kwenye nguzo ile, kila mmoja na bakuli lake. Wa kwanza kusema alikuwa Ritha, aliyesema lile gauni halijatoka doa mpaka leo. Devota akasema alete, atalibadilisha kuwa sketi. Walipofika chini ya sinia walikuwa wanapigania ukoko.

Sabrina usiku huo hakuomba mkono.

Mambo ya kuepuka, kwa aliyechukua mbwa wa namna hii:

Usimpe mbwa pilipili ili awe mkali.

Usimfungie ndani ya ukuta tangu udogoni. Atakua hawajui wenzake.

Usiwawekee mbwa wawili chakula kimoja, hata kama bibi yako alipatanisha kijiji kizima.

Usiwakutanishe uso kwa uso siku ya kwanza. Barabara iwe katikati.

Usivute kamba wala kupiga kelele mbwa mwingine akitokea. Mpe kitu anachokipenda kabla hajaanza, na kila siku.

Usimpe mtoto kamba ashike peke yake.

Usitie mkono kati ya mbwa wanaogombana. Maji yapo.

Usiseme mbwa wa mwenzio hakulelewa.

Usiyabebe maneno ya saluni mpaka utajiwe mtoto ni wa nani.

Na kama unaishi Dodoma, usimwite Mheshimiwa.